Konokono wa Bustani ya Mama

Jumamosi, 15 Machi 2025

Konokono wa kwanza wamepatikana! Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nilikuwa nyuma ya yadi ya Sulait kabla jua halijachomoza vizuri. Sulait hununua vyuma chakavu hapa Mbarara: milango ya magari, mabati, betri zilizokufa. Ukuta wake wa nyuma una unyevu na magugu, na konokono wamejaa hapo kama wamealikwa. Ndoo ilifika nusu bila jasho.

Mwenyewe alitoka na birika la kutawadhia, akasimama kunitazama nilivyopiga magoti kwenye matope. Akauliza kama ndicho chakula chetu wakimbizi. Nikasema hapana, ni utafiti wa chuo.

"Nyabo, dada, utafiti ya nini? Hii kitu hata bata nakataa."

Nikamweleza. Konokono hatembei mbali. Anakula majani ya hapo hapo, anapitisha tumbo lake kwenye udongo wa hapo hapo, na madini mazito yaliyomo — risasi, zinki, kadimiamu — yanajikusanya mwilini mwake. Mvua inapita, upepo unapita, yeye amekaa. Ukimpima yeye, umeipima ardhi yake.

Sulait alifikiri kidogo. Akasema kumbe nimekuja kumsikiliza konokono akimsengenya yeye. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Kale, sawa, chukua. Lakini yeye kama nasema uongo, rudisha yeye hapa."

Mpango ni sehemu tatu. Nyuma ya kwa Sulait. Kando ya gereji za barabara kuu. Na bustani moja safi, ya kulinganishia. Dkt. Jaliah, msimamizi wangu, hana mchezo na hilo: bila sehemu safi, namba zangu hazina pa kuegemea. Sehemu safi ninayo mfukoni. Bustani ya Mama kule Juru, kambini kwetu! Hakuna gereji, hakuna kiwanda. Maharage na lengalenga, mchicha wetu, basi. Kesho naenda.

Jumapili, 16 Machi

Juru. Nimefika watu wakitoka kanisani, nimeshika ndoo tupu na glavu. Mama amenipokea kwa maziwa, halafu kwa maneno. Sisi ni watu wa ng'ombe, hata kama ng'ombe wenyewe walibaki milimani Kivu Kusini. Konokono si kitu cha kushika kwa mkono, sembuse kubeba.

"Nilikutuma ku masomo ukuwe munganga," alisema. "Sasa uko nakamata binyama bya matope. Batu ba kanisa batasema nini?"

"Muache, Mama," Vestine alimwambia. "Kila kazi iko kazi."

Vestine ni mke wa kaka yangu Ntwari. Ntwari anauza nguo Rwekubo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo wanawake hawa wawili ndio nyumba. Tumbo la Vestine limeshaonekana — mwezi wa tano! Mimba mbili zilizotangulia zilitoka zikiwa changa. Hii imevuka pale zile zilipoishia, na hakuna anayelisema jambo hilo kwa sauti. Mama anamzuia kuinua hata dumu la maji.

Anakula udongo, kama wajawazito wote wa kwetu. Wengine wanataka wa kichuguu, wengine wa ukuta wa jikoni. Yeye anataka wa pembeni mwa matuta ya lengalenga, mvua ikishapita. Anaukausha juu ya jiko, anaumumunya akiwa anachambua maharage. Amenipa kipande. Una harufu nzuri kweli, sikatai. Nikamrudishia.

Konokono nimewapata, lakini kwa kuinama sana. Kwenye maharage hamna hata mmoja. Wote wako pembezoni, chini ya majani ya migomba. Mama anajisifu kwamba ana dawa yake ya kuwafukuza. Nikamwambia angewaachia wachache kwa ajili ya elimu. Akasema elimu imeshamla mtoto mmoja, inatosha.

Alhamisi, 20 Machi

Maabara. Konokono wamekaa na njaa kwenye mabeseni mpaka matumbo yametakata. Wameoshwa, wamegandishwa, kesho wanakaushwa na kusagwa. Kila beseni lina karatasi yake ya gundi: SULAIT, GEREJI, MAMA. Nimewaomba radhi kimoyomoyo. Jambo la kitoto kidogo, lakini nimejisikia vizuri.

Mashine ya kupimia ina foleni. Wanafunzi wa kemia wako mbele yetu. Subira.

Ijumaa, 11 Aprili

Sielewi kitu.

Dkt. Jaliah aliniita ofisini baada ya chakula cha mchana. Namba zimetoka. Gereji: ziko juu kiasi, kama tulivyotegemea. Sulait: juu zaidi, risasi hasa, kwa sababu ya betri. Mpaka hapo nilikuwa nashangilia. Halafu akageuza kompyuta kunionyesha Mama.

Risasi ya konokono wa Mama imepita ya Sulait. Imepita sana!

Nikasema nimechanganya mabeseni. Lazima. Nikaanza kueleza siku ile jinsi taa ilivyokatika, jinsi nilivyokuwa na haraka. Dkt. Jaliah aliniacha nimalize. Yeye huongea taratibu mpaka mtu anapata hasira. Akasema huenda nimechanganya, na huenda sijachanganya, na kuna njia moja tu ya kujua: rudi, okota tena, chukua na udongo.

Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa: nani anakula kutoka bustani hiyo?

Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Akilini nimemwona Vestine na kipande chake cha udongo mdomoni. Mungu wangu, naomba niwe mzembe. Naomba iwe ni mimi niliyechanganya mabeseni.

Jumamosi, 12 Aprili

Si uzembe.

Nimefika Juru saa nne. Mama alikuwa bustanini na ndoo, anamwaga kitu cheupe-cheupe kwa kiganja kuzunguka kila shina. Majivu. Ndiyo hiyo dawa yake! Kila mtu kwetu anaweka majivu kwenye mboga, wadudu wanakimbia na udongo unanona. Bibi yangu alifanya hivyo, na bibi yake. Lakini jiko la Mama ni lile dogo la kubana kuni, kwa siku halitoi hata bakuli. Ndoo nzima inatoka wapi?

Nikauliza.

"Kwa Papa Ladislas," alisema. "Moto yake inatoa majivu mingi. Sisi na haya majiko ya kubana, tutapata wapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu tulipata hii fasi ya kujenga. Njo miye nagawiya hata bamama bengine."

Mzee Ladislas ni jirani, Mrundi, mjane. Tulipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana na kupewa kiwanja, yeye ndiye aliyetusaidia kusimamisha nguzo za nyumba. Anatengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, na wavuvi wa ziwani wanazigombania. Nimepita mbele ya moto wake mara ngapi? Nimemsalimia, nimepokea mahindi ya kuchoma. Leo ndiyo nimesimama na kutazama. Anavunja betri zilizokufa za magari na za sola, anachukua risasi iliyomo, anaiyeyusha juu ya magogo kwenye sufuria iliyokatwa. Uchafu unaoelea anauengua na kuutupa pale pale, kwenye majivu.

Na majivu yanakwenda kwenye lengalenga.

Nimeokota konokono. Nimechimba udongo. Nitasema nini? Nitawaambia kesho, baada ya ibada.

Jumapili, 13 Aprili

Nimesema. Vibaya.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima ya kutoka kanisani, yakaniishia mlangoni. Nilimwona Vestine ananyoosha mkono kuchukua udongo kwenye sahani nikaipiga ile sahani ikaanguka. Ndivyo nilivyoanza! Mjamzito ameshtuka, Mama amesimama, Ntwari ameingia mbio na kiatu kimoja.

Basi nikaeleza. Kwenye betri kuna madini, risasi, ile plomb, haionekani, haina harufu. Iko kwenye majivu ya Mzee Ladislas, iko kwenye udongo, kwenye mboga, kwenye konokono. Ikiingia kwa mama mjamzito inaweza kumfikia mtoto.

Mama alinisikiliza mikono imelegea. Halafu:

"Unasema miye nimelisha batoto bangu sumu."

"Mama, sijasema vile."

"Umesema. Konokono imekuambia, na weye unaamini konokono kuliko mama yako."

Nilikuwa na hasira naye, ndiyo ukweli, hasira ya kijinga, kwa sababu alikuwa anaumia na mimi ndiye niliyemuumiza. Ntwari akataka kwenda kumshika Mzee Ladislas shingo. Vestine akamwambia akae. Yeye peke yake alikuwa ametulia. Aliokota vipande vya udongo kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sahani, akaisukuma sahani kwangu.

"Wifi," aliniuliza, "na zile mimba mbili?"

Nikamwambia sijui. Ndivyo ilivyo, sijui, na labda hatutajua kamwe.

"Basi hii," alisema, "tuipime."

Jumatano, 16 Aprili

Vestine ametolewa damu Mbarara. Dkt. Jaliah ana rafiki daktari hospitalini, ametupokea vizuri. Sampuli inapelekwa Kampala, tungoje. Vestine hakukunja uso sindano ilipoingia. Mimi nilitazama dirishani.

Mama hakuja. Alileta chupa ya maji ya safari mpaka barabarani, akampa Vestine, si mimi.

Konokono wa pili wamepimwa, Dkt. Jaliah ameturusha foleni: vile vile. Udongo: mbaya zaidi. Sikuchanganya mabeseni. Nilivyoomba kuwa mzembe, sikupewa.

Jumanne, 29 Aprili

Jibu la Vestine.

Risasi imo kwenye damu. Iko juu kuliko inavyotakiwa. Daktari hakuficha na hakututisha: si kiwango cha dawa kali, lakini si cha kupuuza. Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni kuziba inakotoka. Asile kitu cha bustani ile, asile udongo, nyumba ifutwe kwa maji badala ya kufagiliwa. Ale vyenye madini ya chuma na kalsiamu, ile chokaa ya mifupa, ili mwili usiipokee risasi kwa pupa. Maharage kutoka kwingine. Dagaa. Na maziwa, maziwa mengi.

Mtoto? Anacheza, moyo unadunda vizuri. Zaidi ya hapo, alisema, tupime tena, halafu akizaliwa tumpime yeye mwenyewe.

Nilimpigia Mama nikiwa hapo hapo uani, sauti wazi ili Vestine asikie. Nilipofika kwenye maziwa alinikatiza.

"Ile njo dawa? Maziwa?"

"Maziwa, Mama. Kila siku."

Halafu nikasikia anaita mtu huko aliko, anauliza kwa Kinyamulenge nani katika Juru nzima ana ng'ombe anayekamuliwa sasa hivi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya sahani, sauti yake ilikuwa sauti yake. Vestine alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee Ladislas. Nilikuwa naikwepa siku hii.

Nilimkuta amekaa, moto umezimwa. Alikuwa ameshasikia, Juru hakuna siri. Ntwari alikuja nami na nilimwapisha njiani asifungue mdomo. Nikaeleza tena, polepole, na safari hii bila kuvunja vyombo. Mzee alitazama mikono yake.

"Mwanangu," alisema, "hayo majivu mimi nilikuwa natoa kama sadaka. Sikuwa na kitu kingine cha kutoa."

Ntwari, aliyekuja kumkaba, aliinama akamshika bega. Sasa nampenda kaka yangu tena.

Nikamwambia Mzee kwamba yeye ndiye wa kupimwa kabla ya wote, maana anaupumua ule moshi. Anasema mikono inamtetemeka tangu mwaka juzi, alidhani ni uzee. Atapimwa. Nimeshazungumza na daktari.

Lakini bila kuyeyusha betri ale nini? Hilo ndilo swali, na watu wa vyuo tunapenda kulikimbia. Nikampigia Sulait. Nilitegemea mzaha, na mzaha ulikuja: konokono wangu wamemtangaza wapi na wapi? Halafu akaacha utani. Kuna kampuni inakuja kwake kuchukua betri nzima, ambazo hazijavunjwa, na inazitaka kuliko vipande.

"Huyo mzee nakusanya betri ya kambi yote, hapana pasua, hapana choma. Naleta kwangu. Mimi natuma pikap."

"Na wewe mwenyewe, unapasua?"

"Nilikuwa napasua. Sasa naacha, kwa sababu nyinyi nafanya mimi naogopa ukuta yangu."

Na chubwi? Mzee Ladislas mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Kwao Rumonge, baba yake alikuwa anazamisha nyavu kwa vizito vya udongo wa kuchoma, vyenye tundu katikati. Atawasha moto mpya, mbali na hapa, kwa udongo wa bondeni. Alichora tundu kwa kidole kwenye vumbi, nikamvuta mkono. Si kwenye vumbi hili, Mzee!

Tumecheka. Sikuamini kama leo tutacheka.

Jumapili, 18 Mei

Lazima niandike hili vizuri.

Mama amekuwa kimya wiki hizi. Aling'oa lengalenga zote mwenyewe, na maharage yakiwa na maua. Hakutaka msaada. Udongo wa juu tumeukwangua sisi na vijana wa kwaya, tumeufunika kwa turubai mpaka wanaohusika na taka waje, Dkt. Jaliah anawasumbua kila siku. Bustani imebaki kiraka chekundu, inatia huzuni kuitazama. Lakini majivu alishawagawia watu mtaa mzima, na nilikuwa nimepanga kwenda nyumba kwa nyumba na glavu zangu na maneno yangu ya chuo.

Leo kanisani, wakati wa ushuhuda, Mama amesimama.

Ushuhuda kwetu unajulikana. Nilikuwa mgonjwa, nimepona. Mwanangu alipotea, amepatikana. Watu hupiga makofi na kuketi. Mama alikwenda mbele, akarekebisha mtandio, akasema:

"Bandugu, nilibagawiya majivu na mukono yangu. Nilizani ni baraka. Ndani yake kulikuwa sumu ya batri. Sikujua. Sasa najua, na musiniambie hapana kitu. Mama mwenye iko na mboga ile, aing'owe leo. Mama mwenye iko na mimba, aje kwangu, tutaenda pamoja kupimisha damu. Binti yangu njo atatuongoza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu hapigi makofi kwa maneno kama hayo. Halafu mwanamke mmoja wa nyuma, Capitoline, mjamzito naye, alisimama akaenda kukaa kwenye benchi la Mama. Kisha mwingine. Mchungaji alifunga kitabu chake akaanzisha wimbo, kwa sababu alikuwa hajui afanye nini kingine.

Njiani Mama alinishika mkono. Hajanishika mkono barabarani tangu nilipokuwa mtoto. Nikamwambia nilikosea kupiga ile sahani. Akasema sahani ilikuwa ya zamani.

Ijumaa, 20 Juni

IMESHUKA!!

Damu ya Vestine, kipimo cha pili. Bado si sifuri, daktari anasema sifuri haipo haraka hivyo, lakini imeshuka vizuri. Nimemwomba arudie kusema. Amerudia, mtu mwema.

Mzee Ladislas yuko juu sana, ameanza dawa. Capitoline yuko chini, hakuwa mpenzi wa mboga, Mungu ana njia zake. Sulait ametuma pikap, imerudi imejaa betri nzima nzima. Anasema sasa wanamwita Sulait Konokono sokoni na ananidai fidia.

Dkt. Jaliah anataka niandike upya utafiti wote. Bustani safi haipo tena, kwa hiyo swali lenyewe limebadilika: mvua za Septemba zikija, konokono watakaozaliwa kwenye ile ardhi iliyokwanguliwa watasemaje? Nitaokota tena. Nimeshamwambia Mama. Ameuliza kama nataka wakubwa au wadogo.

Mtoto anapiga teke mpaka shuka linasogea.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nimekaa kwenye benchi la maabara, hospitalini Mbarara. Kalamu ya kuazima.

Uchungu ulianza jana jioni, Ntwari akapata gari Rwekubo, tukafika salama. Mtoto amezaliwa asubuhi hii. Wa kike! Amelia mara moja, kwa ubishi, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Vestine amechoka na anatabasamu na kuomba chai. Ntwari amekaa sakafuni kwenye korido na amekataa kiti.

Daktari alikuwa ameacha maagizo, na mkunga hakusahau: kabla ya kitovu kutupwa, damu yake kidogo imeingizwa kwenye kichupa. Ametoka nacho akaniwekea mkononi. Kilikuwa bado cha moto. Nimeshika vichupa mamia mwaka huu, vya konokono, vya udongo, vya asidi. Hiki nimekishika kwa mikono miwili.

Foleni ni ndefu. Mama yuko kando yangu, kibuyu cha maziwa mapajani, anatazama kila anayeingia na kutoka.

Kijana wa dirishani, anayepokea vichupa, alipita kugawa karatasi za gundi za kubandika majina. Nikamwambia huyu hana jina. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, watu wakishakusanyika, wakishakula. Kabla ya hapo hata kumwazia jina kwa sauti ni kuharakisha mambo. Na Mama ndiye askari wa mila hiyo. Mimi mwenyewe siku zangu saba za kwanza niliitwa "huyu".

"Hakuna shida, nyabo," kijana alisema. "Andika tu mtoto ya Vestine. Watu mingi nafanya vile."

Nikaanza kuandika: Mtoto wa V—

Mama akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana," alisema. "Damu yake haitatembea mu Mbarara bila jina."

"Mama, siku ya nane bado. Na baba yake hajasema."

"Nitamwambia. Andika."

"Niandike nani?"

Alikitazama kile kichupa muda mrefu. Hajui mashine itasema nini. Hata mimi sijui, na hakuna mtu katika jengo hili anayejua.

"Irakiza," alisema. "Andika kubwa, basome vizuri."

Nimeandika. IRAKIZA, yaani Mungu huponya, kwa herufi kubwa, na inasomeka. Nimebandika, nimebonyeza gundi kwa kidole gumba mara mbili. Mtu aliyekuwa mbele yetu amesimama sasa, anaondoka. Mama ameshainuka na kibuyu chake na ananiambia niache kuandika, dirisha liko wazi, twen—